Unaenda wapi mikono mitupu?

Mimi ni fundi cherehani, Igoma, hapa Mwanza. Mwaka juzi nilipimwa presha. Daktari akaitazama namba, akanifunga tena kile kitambaa mkononi, akapima upya, kisha akaniuliza kwa siku natembea umbali gani. Nikamjibu: kutoka kwenye cherehani hadi kwenye pasi. Hakucheka. Ndiyo asili ya matembezi yangu ya Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwa hiyo asije mtu akadhani nimezaliwa napenda milima. Nimezaliwa Bukoba, nimekulia kwenye migomba, na mlima kwangu ulikuwa kitu cha kukizunguka.

Naanzia Kisesa kwa sababu daladala ni nyingi na nauli hainiumi. Mnaoijua Kisesa mnajua ilivyo: barabara ya Musoma imepita katikati, huku na huku maduka, mafungu ya viazi vitamu, magunia ya michembe (viazi vilivyokatwa vikakaushwa), na bodaboda wanaokuita "mama twende" hujashusha hata mguu mmoja. Ukiinua macho juu ya mabati ndipo unayaona mawe. Mjini tuna jabali la Bismarck Rock pale Ziwa Victoria, watu wanapanga foleni kupiga nayo picha. Huku majabali ya namna ile hayana hata majina ya kuwaambia wageni, na akina mama wanaanikia viazi juu yake. Niliwahi kusimama kwenye jabali moja pana lililojaa vipande vya viazi, vimekatwa vyembamba, kingo zimeanza kujikunja kama kola isiyopigwa pasi, na mtoto wa miaka kama sita amekaa na fimbo kazi yake kufukuza mbuzi. Aliniangalia na mimi kama mbuzi.

Njia ya kwanza niliyoijua ni ya Bujora, maana hiyo hata mgeni hapotei. Unaiacha lami, unapanda kidogo, unafika kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, Mkanada. Kanisa lake ni la duara, limefuata nyumba ya msonge, na kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani ngoma za zamani za watemi. Lipia kiingilio, usikilize maelezo, hutajuta. Mwezi wa sita, majira ya sikukuu ya Ekaristi, ndiyo Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza. Siku hizo usiende kwa ajili ya presha. Hutapata pa kuweka mguu.

Mimi nikishapumua pale huendelea na vijia vinavyopita katikati ya mawe. Wengi wanaulizana nani aliyapanga, jiwe kama nyumba limekaa juu ya jingine kama limewekwa kwa mkono. Hakuna aliyepanda nayo. Yote yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wa zaidi ya miaka bilioni 2, ukapasuka nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa yakaulainisha polepole, udongo ukachukuliwa na mvua, na vile vilivyobaki vigumu ndiyo haya tunayoyaona. Kwenye mianya wanaishi pimbi. Wanakaa mlangoni na kukukazia macho kama mteja uliyemwahidi nguo Ijumaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Njia zile hakuna aliyezitengeneza ili mtu atembee. Kila moja ina kazi yake: hii ya kisimani, hii ya mashine ya kusaga, hii ya shule, ile pana ya ng'ombe kwenda lamboni. Mtu akikutana nawe juu ya njia anataka kujua kazi yako ni ipi kati ya hizo. Miezi ya mwanzo mazungumzo yangu yote yalikuwa haya:

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka."

"Unaenda wapi?"

"Natembea tu."

Kimya. Halafu: "Unatembea kwenda wapi?"

Kueleza presha njiani ni kazi. Wapo walioniangalia mikono mitupu, wakaangalia raba zangu, wakaamua nimetumwa na watu wa viwanja, na kwa jinsi Kisesa inavyopimwa siku hizi siwalaumu. Mama mmoja alishusha sauti, akanielekeza kwa mganga, wala sikuwa nimeuliza. Nilishukuru, nikafuata alikonielekeza hadi kona, nikakata njia nyingine.

Na njia hiyo nyingine ilikuwa ya mbuzi. Nawaambia mapema: njia ya mbuzi inafanana na ya watu kwa dakika ishirini, kisha inaishia ukutani kwenye jiwe na mbuzi wanaendelea. Nilijaribu kuteremka kando ya jabali, mvua ilikuwa imenyesha usiku, jiwe likawa na ule utelezi wa kijani usiouona mpaka umeukanyaga. Niliteleza nikakaa kitako, sikuumia, lakini soli ya raba ya kulia ilibanduka kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, ikawa inapiga makofi kila hatua. Nina sindano na uzi kwenye pochi siku zote. Jaribu kushona soli kwa sindano ya vifungo, utaniambia.

Nilifika hivyo, pa, pa, pa, kwenye mji wa mzee mmoja uliozungushiwa minyaa. Yeye alikuwa amevaa katambuga, zile zenyewe za tairi la gari. Nilipompa shikamoo aliitikia akiwa anaangalia mguu. "Hicho ulichovaa kinaitwaje?" Nikasema raba. "Ya nini?" Ya kutembelea, mzee. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaingia ndani akatoka na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akauchana kwa kisu utepe mrefu kama kidole kimoja upana, akauzungusha kwenye kiatu mara tatu, akaukaza, akaufunga kwa chini kwenye upinde wa unyayo ili fundo lisikanyagwe. Hilo la fundo nililiheshimu kama fundi. Kiatu nilikivaa hivyo hadi nyumbani.

Bibi, mkewe, alipojua nashona, uso ukabadilika. Kumbe aliyekuja ni mtu mwenye kazi! Alileta kitenge kilichokuwa kimelala sandukuni, akataka gauni la kwenda nalo harusi ya mjukuu. Sikuwa na futi. Tukachana katani pale uani, nikasokota kamba, nikampima kwa mafundo: fundo la kwanza bega, la pili mkono, la tatu urefu. Alikataa kuvua mtandio, nikapima juu yake. Kwenye kiuno akazuia mkono wangu. "Hicho utakisia."

Tangu siku ile sitoki bila mfuko. Wiki mbili zilizofuata nilikwenda Kayenze, upande wa ziwani, nikiwa na sare tatu za shule za mteja. Ukifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi wakati wa giza la mwezi unakuta dagaa wa usiku wanaanikwa, mchanga umegeuka fedha, harufu inakupokea kabla ya watu. Mbalamwezi ikijaa mitumbwi hupumzika, maana taa haziwavuti dagaa tena. Nilitembea ufukweni nikitamani kuchovya miguu, nikajizuia: kichocho cha ziwa hili nakijua. Mwaloni hakuna anayekuuliza unaenda wapi, kila mtu katoka kwingine. Hata Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alipopiga kambi Kageye mwaka 1875, kwenye ghuba hii hii, nadhani hawakumsumbua sana. Alikuwa na mizigo ya kutosha, hadi boti nzima iliyobebwa vipandevipande kutoka pwani.

Ila kwenye vijia vya mawe naulizwa bado. Najibu, "Napeleka nguo," na papo hapo napewa njia ya mkato, pamoja na onyo kuhusu mbwa wa nyumba ya pili. Kwa wanaotaka kujaribu: toka mapema, maana ikipita saa tano jiwe linakuwa kikaango, beba maji, baada ya mvua pitia kwenye udongo, mawe yaache.

Gauni nimelimaliza jana. Jumapili nalipeleka. Kiunoni nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, upande huu na huu, na futi nimeitia kwenye mfuko.