Majina 512

Mwaka 2016 nilitengeneza programu ya simu za Android kwa ajili ya duka la vipuri vya pikipiki, Kariakoo. Sehemu ya kutafuta bidhaa ilikuwepo tayari kwa lugha ya C++, ikitumika kwenye kompyuta ya dukani, na ilikuwa nyepesi mno kuitupa. Kwa hiyo sura ya programu nikaiandika kwa Java, katikati nikaweka daraja la JNI, linaloziwezesha lugha hizo mbili kuitana.

Siku ya kumkabidhi mwenye duka, akagusa "Bidhaa zote". Skrini ikawa nyeupe, programu ikajifunga. Akarudia.

"Mwanangu, mbona inanitoa?"

"Samahani mama, nipe mpaka kesho."

Mimi nilijaribia bidhaa 40. Yeye alikuwa nazo zaidi ya 700.

Usiku nikaweka orodha yake kwenye simu yangu, nikaichomeka kwenye laptop. Ujumbe wa kosa ulisema jedwali la marejeo limefurika, kikomo 512. Chini yake simu ilikuwa imetaja vitu kumi vya mwisho vilivyoingia humo, na vilikuwa bidhaa za mama yule: cheni, plagi, kebo ya klachi. Nikajua pa kushika.

C++ inapoiomba Java itengeneze neno, Java huandika rejeo lake, yaani kiungo cha kulifikia, kwenye jedwali hilo, ili mzoa taka wake, anayefuta kwenye kumbukumbu vitu visivyotumika tena, asilichukue neno wakati upande wa pili bado unalishika. Jedwali husafishwa C++ ikimaliza kazi na kurudi Java. Mimi nilikuwa naomba majina yote kwa mkupuo mmoja, ndani ya kitanzi, yaani hatua zinazojirudia kwa kila bidhaa, bila kurudi. Kwenye simu za wakati ule nafasi ziliishia 512. Kikomo hicho kiliondolewa baadaye, Android 8.0 ilipotoka.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, DeleteLocalRef, amri ya kufuta rejeo, mwishoni mwa kila mzunguko. Kidole kilisita. Nikiachilia rejeo, jina si litapotea? Nikasoma tena, taratibu: jina nimeshaliweka kwenye safu, yaani orodha ya upande wa Java, na safu ndiyo inayolishika. Kinachofutwa ni mkono wa C++ tu. Saa nane usiku orodha ikafunguka yote.

Asubuhi mama aliteremsha orodha kwa kidole gumba, kimya, mpaka chini kabisa. Kisha akamwita kijana wake wa stoo: "Njoo uone, hata zile taa za nyuma zimo."