Kiziwi Usimpigie: Namna ya Kumwandikia Meseji Akakuelewa

Boda akifika langoni Kisauni na mzigo, jambo la kwanza ni kupiga simu. Mteja akiwa kiziwi, simu inatetema tu, na kupokea hakumsaidii kitu. Boda anageuza akisema mteja hashiki simu. Mistari miwili ya meseji ingemaliza kazi: "Mimi boda. Niko na mzigo wako. Niko langoni, shati la kijani."

Usidhani kila mtu wa Mombasa anasoma Kiswahili vizuri. Katika mitihani ya shule, Lugha ya Ishara ya Kenya hutahiniwa mahali pa Kiswahili kwa wanafunzi viziwi, na masomo mengine mengi yako kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtoto wa Mji wa Kale, ambaye nyumbani wote ni Waswahili, huenda akasoma Kiingereza chepesi kwa haraka zaidi. Meseji ya kwanza muulize anataka lugha gani.

Kiswahili humchosha kiziwi hasa kwenye kitenzi. "Hawajakuletea" ni neno moja lenye watu wawili, wakati na kukanusha, na lile "ha" la mwanzo likimpita, maana inapinduka. Andika "Dawa bado. Njoo kesho." Jambo moja kwa meseji moja.

Ufupisho ndio unaoharibu zaidi. "Cjui", "xaxa", "2ko" husomwa kwa sikio: unaitamka c kichwani, inakuwa "si". Asiyewahi kusikia sauti hiyo anaona herufi na tarakimu tu. Andika neno zima.

Saa nayo. "Saa tatu" kwako ni asubuhi, lakini aliyesoma saa kwa Kiingereza, na simu yake inaonyesha 9:00, ataelewa 3:00. Weka tarakimu kama simu inavyozionyesha, "9:00 asubuhi", kisha mwombe akurudishie saa hiyo. "Sawa" peke yake haithibitishi kwamba ameelewa.

Naye akikuandikia "Kesho hospitali mimi kuja saa ngapi", usimsahihishe. Kwenye ishara wakati hutangulia na neno la kuuliza mara nyingi hukaa mwisho. Hiyo ni sarufi kamili ya lugha nyingine, jibu swali.

Kwa simu za kabambe, zile za vitufe zisizo na WhatsApp, meseji moja hubeba herufi 160. Ukitia emoji hata moja nafasi inashuka hadi 70, na ukizidisha hapo meseji inakatwa vipande na salio linalika zaidi. Kwa WhatsApp hilo halipo, ila usitume sauti.

Mazungumzo marefu, ugomvi, au habari za msiba, meseji haiyawezi. Hapo ni ishara kwa video. Egemeza simu kwenye mkebe wa sukari ili mikono yote miwili iwe huru, mwanga uwe mbele yako wala si dirisha nyuma, na uonekane kuanzia kiunoni kwenda juu. Mtandao ukilegea vidole huwa ukungu, na tahajia ya vidole, yaani kuandika neno herufi kwa herufi kwa mkono, ndiyo hupotea mwanzo. Afadhali rekodi kipande kifupi utume.

Na kama ni daktari au wakili, meseji isichukue nafasi ya mkalimani wa ishara. Itumie kumwuliza mapema, siku kadhaa kabla: "Unataka mkalimani? Ndiyo au hapana."