Siku niliyolala chini ya Corolla, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Hata uso sijanawa, nimeshainama kuchungulia chini ya gari. Corolla ya mwaka 1998, injini 5A, ndiyo inayotulisha: Mtwara mjini, Mikindani, kurudi. Mchangani kuna doa jipya jeusi, upana wa sahani. Bibi jirani, ng'ambo ya uzio wa makuti, anausogeza mbali mkeka wake wa makopa ya muhogo. Nikamwamkia. "Marahaba. Oili yako inahamia kwangu, mjukuu wangu." Basi leo sibebi abiria.

Saa 1. Chai na ming'oko, vile viazi vya porini. Wiki iliyopita fundi mmoja aliniambia sili ya nyuma ya kranki (raba inayozuia oili pale mhimili wa injini unapokutana na gia boksi) imekufa, lazima gia boksi ishuke. Bei yake ilininyima usingizi. Ila kuna harufu ya oili inayoungua kila nikisimama, na egzosi ya injini hii iko mbele. Sili ya nyuma itaidondosheaje?

Saa 2. Injini baridi. Nimeisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikaifuta, ikakauka kabisa. Halafu poda ya mtoto (mama Salma bado ananidai kopo lake) kuanzia tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, hadi chini, ili oili ijichore inapotokea. Nikawasha dakika kumi. Poda ikaloa juu, ukingoni mwa kava, upande wa egzosi. Kule nyuma nyeupe pee! Oili inatoka juu, inateleza na ubavu wa injini, inadondokea chini. Ukitazama doa tu, utashusha gia boksi bure.

Saa 4. Bodaboda, duka la spea, gasketi ya kava (raba ya ukingoni) na sili za mashimo ya plagi.

Saa 5. Nyaya za plagi nimezitia alama zisichanganyike. Spana namba 10, nati zikatoka. Kava lenyewe likagoma mpaka nilipoligongagonga na kipande cha mbao. Gasketi ya zamani nimeikunja kidogo tu, tak, ikakatika kama bisi kavu. Raba gani hiyo! Shimo la plagi ya tatu lilikuwa na oili, kumbe ndiyo maana injini ilikuwa inamisi, inakatakata moto, asubuhi.

Nikachomoa na valvu ya kupumulia injini. Ukiitikisa inatakiwa ilie chakachaka. Yangu kimya, imejaa tope. Presha ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye gasketi, hata iwe mpya. Petroli, tikisa, petroli tena, hadi ikalia.

Saa 8. Jua kali. Silikoni kidogo kwenye pembe tu, siyo kulipaka kava zima kama keki. Nati nimekaza kwa zamu, kidogo kidogo, kisha nikajilaza chini ya mkorosho silikoni ishike.

Saa 11 jioni. Oili nusu lita, nikawasha, nikatandika boksi chini.

Saa 1 usiku. Boksi kavu. Bibi kaja na kurunzi, kalipindua, kalinusa pande zote mbili, kaondoka bila neno. Mkeka wa makopa hajaurudisha pale ulipokuwa.