Kiingilio Nitalipa, Foleni Sinunui

Mkubwa wangu ana miaka kumi na moja. Bado analala taa ikiwaka na bado ananiomba nimkate kucha, lakini kwa Walt Disney World, zile bustani za michezo za Orlando, Florida, yeye ni mtu mzima kamili, kwa sababu kwao utu uzima unaanza ukishafikisha kumi. Wa kati ana minane, kitindamimba ana minne. Hao wanahesabiwa watoto, na faida ya kuhesabiwa mtoto ni kupunguziwa dola chache tu. Wanaoingia bure ni wa chini ya miaka mitatu, na nyumbani kwetu duka hilo tumeshalifunga.

Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo ninayoulizwa. Tunaishi Clarkston, pembeni ya Atlanta, na hapa mtu akishajua kwamba mmefika Orlando atakusubiri hata nje ya bucha la halali akuulize: dada, bado inalipa? Wakongo wananiuliza, Warundi wananiuliza, na Watanzania ndio hawachoki. Nikijibu kwa simu huwa nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, najibu nusu nalala. Bora niandike.

Kuna namba watu wanapenda kuirusha: Magic Kingdom, bustani yao ya kwanza pale, ilipofunguliwa Oktoba 1, 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50. Ni kweli, lakini hawamalizii. Dola tatu na nusu ilikupitisha getini tu. Kupanda michezo ulihitaji kuponi, zilizokuwa zikiuzwa kwa vitabu, za A mpaka E, na zile kubwa zenye raha zote zilikuwa za E. Kwa hiyo usiniambie enzi zile walikuwa watakatifu. Hata hivyo, 3.50 ya wakati ule ukiipandisha kwa mfumko wa bei inafika kama dola 28 za leo. Leo tiketi ya siku moja inaanzia dola 119, hiyo ni Animal Kingdom, bustani yao ya wanyama, siku ambayo watu ni wachache, na Magic Kingdom kwenye siku za kilele za 2026 imevuka 200. Kodi ya asilimia 6.5 bado.

Kwa watu watano wa nyumbani kwangu, siku rahisi kuliko zote ni dola mia sita na ushee. Siku ghali inapita elfu moja. Ni lango lilelile, na simba ni walewale. Tangu 2018 bei inafuata tarehe, na baadaye ikaanza kufuata na bustani unayokwenda, kwa hiyo anayekuambia "Disney ni dola kadhaa" bila kukutajia tarehe hajakuambia kitu.

Hilo la kiingilio mimi nimelikubali. Kitu kizuri kina bei. Kinachonikera ni vile vilivyokuwa bure.

Tangu 1999 kulikuwa na FastPass: unachukua karatasi, unaambiwa rudi saa fulani, unarudi, unapita. Hulipi senti. Baadaye ikaingia kwenye simu, bado bure. Korona ikaja, bustani zikafungwa, na zilipofunguliwa ile kitu haikurudi. Oktoba 2021 ikaja Genie+, kuruka foleni kulekule, ila sasa kwa dola 15 kwa kichwa kwa siku. Siku hizi inaitwa Lightning Lane Multi Pass, na siku za msongamano pale Magic Kingdom inavuka dola 30 kwa kichwa, na michezo inayogombewa kuliko yote inauzwa peke yake, mmoja mmoja. Mwishoni mwa 2024 wakaongeza ya wakubwa, Premier Pass, ambayo walipoitangaza ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Hiyo ni juu ya kiingilio. Yaani mtu anaweza kulipia kutosubiri zaidi ya mara mbili ya alicholipia kuingia.

Basi la bure la kutoka uwanja wa ndege mpaka hoteli zao nalo lilikatwa mwisho wa 2021. Maegesho ya gari kwenye bustani nayo ni ya kulipia.

Sababu ziko wazi, hazihitaji mganga. Mwaka wa fedha wa 2024, kitengo chao cha bustani na meli ndicho kilicholeta zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji ya kampuni nzima. Upande wao wa televisheni unadidimia, watu wanakata kebo, kwa hiyo bustani ndizo zinazobeba ukoo. Mwaka 2023 walitangaza kwamba watamwaga kama dola bilioni 60 kwenye bustani na meli kwa miaka kumi. Hela hiyo itatoka wapi? Kwa mtoto wangu "mtu mzima" wa miaka kumi na moja, na kwa wenzake.

Na foleni ikishakuwa bidhaa, mwenye duka hana haraka ya kuifupisha. Hapo ndipo nilipoweka mguu chini. Kiingilio nitalipa. Foleni sinunui. Baba watoto aliniambia mimi ni mbishi, kwamba tumeshatumia mia sita, dola mia nyingine ni nini? Nikamwambia dola mia ni usiku wangu mzima wa kuwageuza wazee vitandani. Hakusema tena. Watoto nao wataona wenzao wakipita upande wa pili wakiingia moja kwa moja, watauliza. Waambie ukweli: wale wamelipia. Mtoto wa mhamiaji hilo si somo geni.

Badala ya kulipa, tunaamka. Kabla lango halijafunguliwa sisi tupo, kitindamimba kwenye kigari chake bado na tongotongo, na ile saa ya kwanza tunafanya michezo ambayo saa sita mchana itakuwa na foleni ya kutoa roho. Jua likikaza tunaingia penye kiyoyozi na maonyesho. Kwa mchezo ambao mdogo hajafikia urefu, mzazi mmoja anabaki naye na mwingine anapanda, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Hiyo bado ni bure. Iombeni pale mlangoni, kuna watu hawajui kabisa.

Kulala, tunalala nje, upande wa Kissimmee. Hapo pia macho yawe makavu. Kuna hoteli moja, siitaji, tuliiona ni ya bei ya kutupa, tulipofika mapokezi tukakuta "ada ya huduma" ya kila usiku, eti ya bwawa na taulo. Bwawa lenyewe lilikuwa limefungwa. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe jumla yote tangu mwanzo, kwa hiyo ukiona bei ndogo ya ajabu, tafuta iliyoandikwa jumla.

Usafiri ni gari letu, I-75 mpaka Florida, saa saba hivi mkisimama kidogo. Kusimama ni Buc-ee's ya Warner Robins, kituo cha mafuta chenye duka kubwa, kwa sababu ya vyoo. Petroli, vyoo, basi. Ukiwaruhusu watoto kuzunguka ndani ya duka lile umeshaanza kulipa Disney kabla hujatoka Georgia.

Chakula sasa. Hapa ndipo wengi wetu tunapochomwa bila sababu, kwa kudhani tutazuiwa getini. Disney wanaruhusu uingie na chakula chako. Pombe hapana, vyombo vya glasi hapana. Maji ya barafu unapewa bure kwenye kaunta za vyakula vya haraka, kikombe kimoja kimoja, omba tu. Mimi huamkia jikoni usiku wa kuamkia safari: maandazi, chapati za kukunja na mayai, kuku wa kukaanga wa vipande vidogo. Kwenye ukaguzi mama mmoja wa ulinzi, mtu mzima, alifunua kontena la maandazi na harufu ya iliki ikampanda. Akainama kidogo. Akauliza hizo ni donati za wapi. Nikamwambia za Tanga. Akafunga kifuniko mwenyewe, akakibonyeza pembe zote nne mpaka kikalia, akaniambia nisiyaache juani. Saa saba mchana tulikuwa tumekaa kivulini tunakula, na familia ya meza ya jirani inagawana sahani mbili za baga kama inagawa urithi.

Nafahamu mtaniuliza: sasa kwa ubahili wote huo, raha iko wapi?

Iko Harambe. Ni kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom, kimejengwa kwa kuigiza mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na waliokichora walichota sana kutoka Lamu. Mimi nimekulia Tanga, nimezoea kuta za chokaa zilizobanduka na mabati yenye kutu, na pale nilisimama nikishangaa, maana kutu ile imepakwa. Kuta zimebanduliwa kwa ufundi. Kuna mtu alilipwa mshahara kuzibandua. Mabango ya biashara yamechakazwa makusudi. Kuna duka limeandikwa Mombasa Marketplace. Mume wangu akasema nyumbani tunahangaika kupaka rangi, huku wanahangaika kuitoa.

Kutoka hapo unapanda lori la wazi, Kilimanjaro Safaris. Foleni yake asubuhi ni fupi, na mchezo wenyewe ni kama dakika ishirini kwenye eneo la ekari 110. Mibuyu ni ya saruji, wanyama ni wa kweli. Dereva alikuwa mzee wa Kimarekani, mvi tupu, akatusalimia "Jambo!" kwa kipaza sauti na lori zima likamjibu hivyohivyo. Kitindamimba wangu, ambaye nimemfundisha asimpite mtu mzima bila salamu, akapaza sauti: "Shikamoo!" Mzee wa watu akanyamaza, hajui afanye nini na hilo. Akarudia "Jambo". Mtoto naye akarudia shikamoo, safari hii kwa sauti ya kudai. Ikabidi baba yake aitike marahaba kutoka siti ya nyuma kwa niaba ya dereva, ndipo tukaondoka. Twiga mmoja alikuja mpaka barabarani akasimama, lori likazimika, na kwa dakika kadhaa tulikuwa tunatazamana naye kope kwa kope. Watoto wangu, waliozaliwa hospitali za Georgia, hawajawahi kukaa kimya kiasi kile.

Hapo najua utakachosema, kwa sababu mama mkubwa alishakisema kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kwa sauti, dakika mbili na ushee: unalipa dola kumwona twiga wa Florida na sisi tuko na Saadani hapa jirani? Mtanzania Serengeti haingii kwa shilingi elfu kumi na kidogo? Mama mkubwa, una haki. Lakini lango la Serengeti silo linalonishinda. Mara ya mwisho nilipoangalia tiketi tano za ndege kwenda Dar wakati wa likizo za shule, zilikuwa zinakaribia dola elfu nane, na bado hujafika na zawadi za watu. Safari ya nyumbani tunaidunduliza kwa miaka. Hii ya Orlando nilipokea upatu, nikaongezea ovataimu, tukaenda na kurudi bila kugusa kadi ya mkopo. Hizo ni safari mbili tofauti na hazigombanii hela ileile.

Ningekuwa wa kukopa, ningesema haifai, hata kwa dola 119. Riba ya kadi inaendelea kukimbia wakati mtoto ameshapoteza zile kofia za masikio ya Mickey Mouse.

Na siendi zaidi ya bustani moja kwa safari. Hizi tiketi za siku nne, tano, kila siku bei inashuka kidogo ili ujione mjanja, lakini unaongeza malazi, unaongeza maegesho, unaongeza miguu ya watoto. Siku ya pili ya sherehe yoyote watu wanaanza kugombana. Universal, washindani wao wa palepale Orlando, nao wamefungua bustani ya Epic Universe Mei 2025, mkubwa ameshaanza kunitajia. Nimemwambia bustani ya michezo ya Six Flags iko hapahapa Austell tangu 1967, aende na shule.

Kitu kimoja tu ninachokitamani pale na sijakilipia ni kulala Animal Kingdom Lodge, ile hoteli ambayo pundamilia na twiga wanapita chini ya baraza la chumba chako. Usiku mmoja ni mamia ya dola. Ila kuna mgahawa wao, Sanaa, upande wa Kidani Village, madirisha yanatazama malisho, na huhitaji kulala pale ili ule. Agizeni sahani ya mikate na vichovyo vyake, inatosha watu wawili wazima au watoto watatu, mkae mpaka jua lizame.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana mapacha wanaofikisha miaka mitatu Novemba. Nimemwambia aende Septemba: shule zimefunguliwa, bei zimeshuka, na mapacha wote wawili wanaingia bure. Ni msimu wa vimbunga, kwa hiyo achukue hoteli inayokubali kughairi.