Mashujaa Malindi: Mekatilili kwanza, Da Gama baadaye

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, lakini mkesha wa Siku ya Mashujaa hesabu za kilomita hazisaidii. Tuliondoka asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeuliza. Kufika alasiri nauli imeshapanda, na foleni ya Mtwapa ina sherehe zake. Shika dirisha la kulia. Ukivuka daraja la Kilifi, bahari iko upande huo, na wauza korosho watakufuata hapo hapo dirishani. Upande wa kushoto hukosi kitu mpaka upite Matsangoni, msitu wa Arabuko Sokoke unapoanza kukusindikiza kuelekea Gede.

Kwenye matatu yetu mama mmoja alipanda akiwa amevaa hando kamili kwa ajili ya ngoma za kesho yake. Asiyelijua hando ajue kwamba ni marinda ya kitambaa cha pamba, tabaka juu ya tabaka, yanayojaa nyongani mpaka kiti kimoja kisitoshe. Kondakta alitaka nauli ya viti viwili. Mama akamwambia, "Mwanangu, mtoze Mekatilili." Akalipa ya kimoja.

Na kweli, Mashujaa ya Malindi ianzie kwa Mekatilili wa Menza. Sanamu yake iko katikati ya mji, kwenye bustani iliyokuwa ikiitwa Uhuru. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla turubai na vipaza sauti havijaamka. Mwaka 1913 mama huyu alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu na kulisha watu kiapo wasitoe vijana wao kwa kazi ya Mwingereza. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha kuku: alimwambia Arthur Champion, ofisa wa serikali, ajaribu kumchukua kifaranga mbele ya mama yake aone kitakachomfika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alikamatwa, akapelekwa Kisii, huko magharibi mwa Kenya. Januari 1914 alitoroka, akarudi pwani kwa miguu. Sisi tuliokuwa tukilalamikia foleni ya Mtwapa tulinyamaza.

Uwanja wa sherehe za kaunti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo uliza siku moja kabla. Beba maji, kofia na subira. Hotuba ya Rais husomwa na kamishna wa kaunti, na kabla yake kila msemaji atakwambia itifaki imezingatiwa, kisha aanze kuwataja wote waliozingatiwa. Usikae nyuma ya turubai la wageni, maana hutaona gwaride wala ngoma. Simama ubavuni, jua likiwa mgongoni. Wimbo wa Taifa ukipigwa, sikiliza vizuri: sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, majirani wa hapo Tana. Watoto wa shule waliosimama tangu alfajiri nusura walale.

Baada ya hapo kila mtu hukimbilia Nguzo ya Vasco da Gama, na hapo ndipo kichekesho cha siku. Mgeni wa Kireno aliyekaribishwa Malindi Aprili 1498, akapewa na rubani wa kumfikisha Calicut, India, anapigwa picha nyingi kuliko mwenye siku. Hata hivyo pafike. Nguzo ni ya mawe ya matumbawe, na msalaba wa juu ni wa jiwe la Lisbon. Rasi yenyewe ina upepo mzuri kuliko hoteli nyingi. Ukikutana na mtu anayedhani historia ya Malindi ilianza na Mreno, mwambie mji huu ulimpeleka twiga China mwaka 1415.

Sasa bahari. Hifadhi ya baharini, iliyotengwa mwaka 1968, ndiyo inayoharibu ratiba za watu, kwa sababu wanapanga kwa saa ya mkononi badala ya mwezi. Bustani ya matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa. Sikukuu ikiangukia bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, yaani katikati kabisa ya hotuba. Hapo ndipo uzalendo hupimwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa huja alasiri, unaweza kupata vyote viwili. Tiketi hulipwa kwa simu, si taslimu, basi lipa ukiwa mjini wenye mtandao. Oktoba upepo wa kusi umelegea na matlai, upepo wa mashariki, unavuma, bahari imetulia. Usisubiri Desemba: kaskazi ikishika na bara ikinyesha, tope la mto Sabaki husukumwa kusini na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiwa ndani ya maji, usikanyage tumbawe. Linakata, na halisahau.

Marafa ndiyo ya mwisho, na iachiwe alasiri yake peke yake. Toka Malindi saa nane, vuka daraja la Sabaki, kisha uache barabara ya Lamu. Korongo la hapo Marafa, liitwalo Nyari, limechongwa na mvua kwenye udongo wa mchanga: mweupe, wa waridi, wa chungwa, halafu mwekundu wa kuiva. Saa saba mchana rangi zote hufifia na chini huwa tanuri. Shuka saa kumi na nusu na mwongozaji wa kijijini, kwa viatu vya kufunga. Kama vuli imeshaonja, telezi ya kushuka ni rahisi sana. Ya kupanda utaijua. Jua huzama karibu saa kumi na mbili, uwe umesharudi juu ukingoni.

Bei ya kurudi ipatane kabla hujaondoka Malindi, na dereva akusubiri. Giza likishaingia Marafa, anayepanga bei ni mmoja tu. Mjini tuliingia baada ya isha. Vibandani mahamri na mbaazi vilikuwa vimekwisha, vimebaki viazi karai na ukwaju.