Nilivyokamata wezi wa umeme sebuleni kwa taa ya mita ya LUKU

"Chomoa chaja ya simu." Kila ukilalamika kwamba uniti zinaisha haraka, ushauri ni huo, na unaniudhi kweli. Chaja nzuri isiyo na simu hula chini ya nusu wati; mwezi mzima haifikishi hata nusu uniti. Walaji wenyewe wamepangwa chini ya TV.

Mimi niliwapata kwa mita yenyewe. Kulinganisha uniti za jioni na za asubuhi hakukusaidia kitu, kwa sababu friji inawaka na kukata na kuvuruga hesabu yote. Tazama ile taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kando yake pameandikwa imp/kWh, yaani mipepeso kwa kila uniti moja: yangu ni 1000, nyingine ni 1600. Kwa 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde zinazopita kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, unapata wati. Kwa 1600, gawanya 2,250.

Nikazima friji na taa, vingine vyote nikaviacha vimezimwa kwa rimoti tu, kama tulivyozoea kulala. Mita ikapepesa kila sekunde 80. Hizo ni wati 45, na hakuna anayetumia chochote! Nikachomoa sabufa: sekunde 116, yaani wati 31. Sabufa peke yake wati 14! Nyingi za bei nafuu zina transfoma nzito ndani, na kitufe cha kuzimia kimewekwa baada yake, kwa hiyo transfoma haikatiki kamwe. Nikachomoa dekoda, zikapungua wati 12; ile taa yake nyekundu haimaanishi imelala, ndani bado inafanya kazi.

Aliyenifurahisha kumkamata ni stebilaiza, wati 13. Watu huichomeka ukutani, kisha ekstensheni ndani yake, halafu usiku wanazima ekstensheni. Iguse asubuhi, ina joto, maana imekula usiku kucha. Geuza mpangilio: ekstensheni ukutani, stebilaiza kwenye ekstensheni, TV na wenzake kwenye stebilaiza. Au zima swichi ya ukutani, basi. Ekstensheni iwe nzuri, yenye swichi kila tundu. Zile nyepesi za bei ya chee hulegea tundu na kuunguza plagi.

Vile viboksi vya "kupunguza umeme" vinavyouzwa mitaani nilivipima kwa njia hiyohiyo: mpepeso haukubadilika. Ndani mna kapasita, na mita ya nyumbani inahesabu umeme unaofanya kazi halisi, ambao kapasita haiupunguzi. Msinunue.

Hawa watatu, jumla wati 39, wakizimwa kabisa saa 19 kwa siku, zinaokoka kama uniti 22 kwa mwezi. Kwa aliye kundi la D1, lile la TANESCO la bei nafuu kwa watumiaji wadogo, ambalo mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo si kidogo.

Dekoda ikiwa inajisasisha usiizime hadi imalize, inaweza kuharibika. Pia ukiikata ukutani huchukua dakika kadhaa kuwaka, kwa hiyo iwashe kabla ya taarifa ya habari. Kifaa kimoja kidogo usikipime peke yake, maana chini ya wati chache mita nyingi hazianzi kuhesabu. Acha balbu moja iwake, kisha tafuta tofauti. Na friji ukimaliza kupima irudishe hapohapo. Kuizima usiku ili kubana uniti ni kuharibu chakula, na asubuhi itafanya kazi ya ziada kurudisha ubaridi.