Adapta ya Wi-Fi kwenye kompyuta ya mezani: chipu kwanza, ukuta baadaye

Adapta ndogo za USB zinazouzwa madukani Darajani, Zanzibar, huja na sidii ya draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa), na kompyuta nyingi siku hizi hazina pa kuitia. Iacheni sidii, draiva yake mara nyingi imeshapitwa. Chomeka adapta, unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa USB tethering kwenye simu, yaani kuigawia kompyuta intaneti ya simu kwa waya huo. Windows ikishapata intaneti hiyo, mara nyingi huitafuta draiva yenyewe.

Isipoipata, fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows. Kwenye kifaa chenye alama ya mshangao bofya kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Details, uchague Hardware Ids. Utaona VID (namba ya mtengenezaji) na PID (namba ya kifaa), kila moja ina herufi au tarakimu nne. VID ya 0BDA ni ya mtengenezaji wa chipu Realtek. 148F ni Ralink. Tafuta draiva kwa namba hizo, usitafute kwa jina la kwenye boksi. Watengenezaji hubadilisha chipu ya ndani wakaacha jina lile lile, tofauti ikawa ni v2 au v3 tu iliyoandikwa kwa maandishi ya kuhitaji miwani. Hapo ndipo wengi wanapotia draiva isiyo yake, kisha wakailaumu adapta.

Adapta nyengine ukizichomeka hujitokeza kama sidii yenye faili moja ndani. Si kasoro: endesha faili hilo, draiva ikiingia adapta itageuka kuwa Wi-Fi. Kwa wa Linux, amri ya lsusb ikionesha 0bda:1a2b ujue bado imo katika hali ya sidii, na programu ya usb_modeswitch ndiyo ya kuigeuza.

Draiva imekubali lakini mtandao dhaifu? Kwa nyumba za Mji Mkongwe angalia ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita, huimaliza mapema Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, ile ya 2.4 GHz ina kasi ndogo lakini hupenya zaidi. Na adapta iliyochomekwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, ina bati zima la kompyuta mbele yake. Nunua waya wa nyongeza wa USB wa mita moja, uipandishe juu ya meza, ielekee mlangoni. Kwangu mimi waya huo una faida kuliko antena kubwa ya bei. Usiiweke ubavuni mwa diski ya USB 3, kwa sababu kelele zake huangukia kwenye 2.4 GHz. Kila ukiisogeza, andika netsh wlan show interfaces kwenye Command Prompt usome Signal. Ikiwa chini ya asilimia 50, endelea kuhamisha.

Ikikatika-katika huku ishara ni nzuri, rudi Device Manager, kwenye Power Management uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima adapta.

Anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) inayoanza na 169.254 maana yake ruta haijakupa anwani. Hutokea umeme unaporudi na kompyuta ikawahi kuwaka kabla ya ruta. Kata Wi-Fi uunganishe tena.

Ukiunganishwa vizuri lakini kila tovuti inalalamikia cheti chake cha usalama, tazama tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye bodi kuu ya ndani ya kompyuta imekufa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, tia mpya, upande wa + juu, kisha rekebisha saa.